Digrii ya Kompyuta Unayo, Job Hauna: Soma Hii Kabla Ulipie Masta

Picha ya grajuesheni ilipata malaiki kibao. Mathe alilia, mzae akachinja mbuzi. Miezi nane baadaye uko kwa kochi yao, laptopu kwa magoti, na mtu wa pekee anayekutafuta kwa bidii ni jirani anayetaka umrudishie akaunti ya Facebook iliyoibiwa. Ukimwambia haujui kufanya hiyo, anakuangalia ka mwizi. Si ulisomea kompyuta?

Alafu kuna HELB. Hao hukupea mwaka mmoja baada ya kumaliza shule, kisha wanaanza kudai. Riba ni 4% kwa mwaka, na ukijifanya haujaona meseji zao, faini ya 5,000 inaongezwa kila mwezi. Faini haijali ka uko na job ama umesota.

Hapo ndio ile wazo huja, mara nyingi usiku: wacha nirudi shule nifanye masta. Inaskika fiti. Mathe atakuwa na kitu ya kuambia wamama wa chama. Ukikutana na wasee wa high school wakuulize unafanya nini siku hizi, uko na jibu ya haraka.

Kabla utume pesa ya fomu, kaa chini kidogo tubonge.

Kwanza ujue ni nani anakuambia haya. Mimi niliacha Computer Science mwaka wa pili, semista ya pili, ju ya fee. Sikuja kukudanganya ati shule haina maana na ati hata Bill Gates aliacha. Bill Gates aliacha Harvard na kwao kulikuwa na doh. Mimi niliacha na baransi. Leo naandika stori za mtandao, kazi naipenda, lakini kuna milango imefungwa kwa uso wangu kabisa na wewe hata haujajaribu kuigonga. Ndio maana naskia vibaya nikiona msee ako na hicho cheti alafu anakitumia vibaya.

Hosteli tulikuwa wanne kwa rumu moja. Watatu walimaliza. Mmoja wao, tumwite tu rumeti, ndio amefanya niandike hii kitu. Alimaliza na sekondi apa safi, akatuma sivii ka miezi tatu hivi, hakuna aliyemjibu. Akaingiwa na baridi. Anko yake akachukua loni ya sacco, jamaa akajisajili masta ya IT hapa Nairobi. Masomo ya darasani alimaliza mwaka mmoja, hakusumbuka. Ikafika tasnifu, ile thesis. Hakuwa na swali la utafiti, ju hakuenda kutafuta jibu ya kitu chochote, alienda kujificha. Supavaiza akamrudisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati akapata kazi ya sapoti Industrial Area, anaingia asubuhi anatoka usiku. Tasnifu ikalala. Lakini chuo bado kinataka fee ndio ubaki kwa rejista, na anko bado anakatwa kwa sacco. Sai ako na deni mbili na digrii moja.

Si ati masta ni mbaya. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Anasema hakujiuliza ni mlango gani ulikuwa umefungwa ju hana masta. Na jibu ilikuwa: hakuna. Milango aliyokuwa anagonga ilitaka kitu ingine kabisa.

Hiyo kitu ingine ni gani?

Cheki vile soko la Nairobi liko. Ukiwa campo unadhani kuna kazi moja tu inaitwa developa na wengine wote wamefeli maisha. Ukweli ni kwamba kazi ya kompyuta imetapakaa kila mahali. Benki na sacco wanataka watu wa kuchunga mifumo yao isizime siku ya mshahara. Kampuni za simu zinataka watu wa mitandao. Hospitali, kaunti, masupamaketi, kampuni za bima, kila mtu ako na data na wengi hawajui waifanyie nini. Kuna wale wa kujaribu softiwea kabla itoke, kazi ambayo watu hudharau na ndio imeingiza wengi kwa mlango wa nyuma. Kuna usalama wa mitandao. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kuna kazi mpya ya kuhakikisha kampuni haichezei data ya watu. Kampuni ikivunja hiyo sheria, faini inaweza fika milioni 5. Wengi wanaojaza hizo nafasi ni mawakili, lakini wakili hajui data inakaa wapi kwa seva. Wewe unajua. Hapo kuna gepu, na ni wachache wameiona.

Sasa shida. Karibu kila tangazo linataka msee ako na miaka miwili ama mitatu ya eksipiriensi, na wewe uko na cheti na atachimenti ya miezi mitatu ambayo ulikuwa unabadilisha tona ya printa. Hii si laana yako peke yako. Andela ilianza 2014 na idea ya kuchukua vijana wabichi wa Afrika, kuwafunza, na kuwakodisha kwa kampuni za majuu. Ilikuja Nairobi 2015, na kuna kipindi kila mtu wa CS alikuwa anaota kuingia huko. Septemba 2019 wakafuta mamia ya majuniori Kenya, Uganda na Nigeria kwa mpigo. Sababu waliisema wazi: wateja walitaka wasee wamekomaa, majuniori walikuwa wengi kuliko kazi iliyokuwepo. Hiyo ilikuwa kabla ya ChatGPT. Sai ile kazi ndogo ndogo ya kuandika kurasa na fomu, ambayo juniori alikuwa anapewa ndio ajifunze, bosi anaweza kuiomba kwa mashine asubuhi kabla chai ipoe.

Kwa hivyo usitegemee kuajiriwa ju unajua kuandika programu. Hiyo imekuwa ka kujua kuendesha gari. Mwenye gari anataka kujua ka umewahi kuendesha usiku, mvua ikinyesha, breki zikisumbua.

Acha nikupe mfano mmoja ambao unaweza kuanza nao leo bila kulipa mtu. Safaricom walifungua Daraja mwaka wa 2017. Ni njia ya programu yako kuongea na M-Pesa, na wako na uwanja wa majaribio ambao unajisajili bure. Unatuma ombi, simu ya mteja inaitisha PIN, akiweka, jibu linarudi kwa anwani uliyoweka kwa seva yako. Kila mtu wa CS anaweza kufanya hiyo kwa wikendi moja, na wengi huishia hapo, wanaweka kwa sivii "nilifanya M-Pesa".

Lakini kazi haswa inaanza hapo. Jibu likirudi na namba 0, pesa imelipwa. Likirudi na 1032, mteja amekataa. 1037, simu yake haikupatikana ama alichelewa. Na je, jibu lisiporudi kabisa? Seva yako ilizimika sekunde tano tu, stima ikapotea, mteja amekatwa pesa na duka lako linasema hajalipa. Atabonyeza tena. Umemkata mara mbili. Sasa anapiga simu na matusi. Utajuaje malipo ya kwanza yalipita? Utarudisha aje ile ya pili? Na mtu akijua anwani yako ya majibu, anaweza kukutumia jibu feki ya "amelipa" akachukua bidhaa za bure?

Msee akikaa na hayo maswali mwezi mmoja, ajenge duka ndogo ya mama mboga wa mtaa wao ambayo inajibu yote, alafu aandike kurasa mbili za vile ilimharibikia na vile alitengeneza, huyo ako na eksipiriensi. Hajaajiriwa lakini ako nayo. Rumeti wangu wa pili aliingia kampuni ya malipo hivyo hivyo. Intavyu yote waliongea juu ya jibu lisiporudi. Hawakuuliza alipata nini kwa Data Structures, na ni poa ju nakumbuka alipata nini.

Serikali pia iko na mlango. ICT Authority huendesha Presidential Digital Talent Programme, mwaka mmoja wa kujifunza kazini kwa waliomaliza kozi za ICT. Posho si ya kujivunia, lakini ukitoka huko uko na mwaka mmoja kwa karatasi na watu wa kukusemea. Nafasi zikitangazwa, omba. Wacha kiburi.

Na kuna kazi moja nataka uingie macho wazi. Januari 2023 jarida la TIME lilitoa stori ya vijana wa Nairobi waliokuwa wanasafisha data ya OpenAI kupitia kampuni ya Sama, wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa, wakisoma uchafu ambao ulibaki kwa vichwa vyao. Kazi za kuweka lebo kwa data bado ziko, zingine za mtandaoni kabisa. Ka ni njaa, fanya, rent haingoji. Lakini usiweke kwa sivii ati wewe ni injinia wa AI, na usikae huko miaka mitatu ukingoja kupandishwa cheo. Hiyo ngazi haina daraja la pili.

Sasa masta ni ya nani?

Iko ya watu fulani, na ka wewe ni mmoja wao, harakisha.

Wa kwanza ni anayetaka kufunza campo. Hapo hakuna njia ya mkato. Bila masta hata hauwezi kuwa tutorial fellow, na ukitaka kuitwa mhadhiri kamili wanataka PhD. Ka unataka kufunza high school, masta haikusaidii chochote. Unahitaji diploma ya ualimu ya baada ya digrii, na masomo mawili ya kufunza, ka vile Kompyuta na Hesabu, ambayo ulifanya vizuri kwa KCSE. Watu wengi wa CS hawajawahi kufikiria hii, na shule zinatafuta walimu wa kompyuta.

Wa pili ni anayetaka utafiti, hasa AI ya kweli, si ile ya kuandikia mashine maswali. Wa tatu ni anayetaka kutoka nchi kwa njia safi. Na wa nne ni anayetaka kubadilisha laini, mfano kutoka kuandika programu aende takwimu za afya ama hali ya hewa, na anajua ni kwa nini.

Ka unataka usalama wa mitandao, ukaguzi wa mifumo ama kazi za mitandao, mara nyingi vyeti vya kazi vinakufikisha haraka. Cisco wako na CCNA, wasee wa mitandao wote wanaijua. Wakaguzi wa benki wanaangalia CISA. Hiyo CISA inataka miaka mitano ya kazi, na hapo ndio watu huogopa wakaacha. Lakini mtihani unaweza kuufanya mapema, ukaupita, alafu uko na miaka mitano ya kukusanya hiyo kazi na kuomba cheti. Digrii yako pia inaweza kukupunguzia sehemu ya hiyo miaka. Linganisha hiyo na fee ya masta kabla haujamsumbua anko.

Ukiamua masta ya hapa nyumbani, UoN, JKUAT, Strathmore na zingine, kwa kawaida wanataka fasti ama sekondi apa. Ka uko na sekondi lowa haujaisha. Vyuo vingi hukubali lowa na miaka miwili hivi ya kazi kwa hiyo sekta. Kwa hivyo kwako wewe kazi ndio fomu ya masta. Na usijisajili kabla uweze kuandika sentensi moja ya kitu unataka kutafiti, alafu utafute mhadhiri anayefanya hiyo kitu, umwandikie, uone ka anajibu imeli. Akikaa miezi miwili bila kujibu mtu ambaye hajalipa, usidhani atabadilika ukishalipa. Rumeti angeambiwa hiyo mapema, angekuwa ameokoa loni nzima.

Lakini manze, mbona ulipe na kuna wanaokulipia?

Anza na Kigali. Carnegie Mellon, mmoja wa vyuo vinavyoheshimika sana duniani kwa kompyuta, iko na tawi hapo tangu 2011, na digrii unayopata ni ile ile ya Marekani. Mastercard Foundation huwalipia wengi. Ni safari ya basi, na mpakani Mkenya anavuka na kitambulisho tu. Kigali hiyo hiyo kuna AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanza Afrika Kusini mwaka wa 2003, inayojulikana kwa kubeba gharama za wanafunzi wake. Hapo ndipo masta ya AI ya AMMI ilianzia mwaka wa 2018, Google na Facebook wakiweka mkono. Onyo: hao wanataka hesabu. Ka Linear Algebra ulipita ju ya kukopi, watakujua siku ya kwanza.

Ulaya kuna Erasmus Mundus. Unasoma angalau nchi mbili, fee imelipwa, na unapewa yuro 1,400 kila mwezi. Hawalazimishi uwe umefanya kazi, kwa hivyo hii ndio inamfaa msee ametoka shule juzi. Maombi mengi huwa wazi kati ya Oktoba na Januari. Chevening ya Uingereza ni tofauti. Hao wanataka saa 2,800 za kazi, ka miaka miwili hivi, na ukimaliza lazima urudi nyumbani miaka miwili. Ka plani yako ni kupotelea London, usijaze, utawekwa kwa kona.

Ujerumani ndio watu huuliza sana, hasa tangu Kenya na Ujerumani zisaini ile makubaliano ya wafanyikazi Berlin, Septemba 2024. Ni kweli vyuo vingi vya umma huko havichaji fee ya masomo. Lakini jimbo la Baden-Württemberg linachaji watu wa nje ya Ulaya yuro 1,500 kwa semista, na Technical University of Munich nayo imeanza kuchaji. Na kitu inaua ndoto za wengi si fee, ni akaunti iliyofungwa. Ubalozi unataka uonyeshe pesa ya kuishi mwaka mzima, na tangu Septemba 2024 hiyo ni yuro 11,904. Hiyo ni zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya, imekaa kwa akaunti kabla upate viza. Unarudishiwa kidogo kidogo kila mwezi ukiwa huko. Ni yako, lakini lazima uwe nayo kwanza, na kuna familia zimeuza shamba ju ya hiyo. Skolashipu ya DAAD ndio hukuondolea hiyo mzigo, ukiipata.

Kuna kitu moja nzuri kuhusu Wajerumani ambayo hatuambiwi. Wanahesabu masomo yako moja moja: nadharia ya kompyuta, algorithimu, hesabu za mantiki. Msee wa BBIT ama IT anaweza kuwa na alama kukushinda na akakataliwa ju hana hizo. Zile yuniti ulikuwa unalaani ati utazitumia wapi, unazitumia hapo.

Marekani nayo kuna stori ambayo wengi hawaamini. Ukiwa na digrii ya kwanza tu, unaweza kuomba PhD moja kwa moja bila masta. Na PhD za kompyuta huko mara nyingi wanakulipia fee na kukupa posho, ju unawasaidia kufunza na kutafiti. Masta ya huko ndio hulipwa na mwanafunzi, kwa madola mengi sana. Watu huomba masta ju wanaona PhD ni ya wazee, alafu wanashindwa na fee. Fomu zenyewe zinalipiwa pia, kila chuo, lakini idara nyingi husamehe hiyo ada ukiandika kuomba. Andika. Sheria za viza zimekuwa zikibadilika badilika, kwa hivyo usiweke mayai yote huko.

Na ukifika kwa swali la "utatafiti nini", usiende kuiga mada za Wachina na Wamarekani wenye kompyuta za mabilioni. Angalia mdomo wako. Unaongea Kiswahili, Sheng, na pengine Kikamba ama Kijaluo cha kwenu. Mashine nyingi kubwa bado zinachanganyikiwa zikiskia hizo lugha, hasa zikichanganywa kwa sentensi moja vile mimi nimefanya hapa. Kuna watu wanafanya hiyo kazi. Masakhane ni kikundi cha watafiti wa lugha za Afrika, wengi walianza bila PhD, wakaandika utafiti pamoja mtandaoni. Wasomi wa Maseno, UoN na Africa Nazarene walijenga Kencorpus, mkusanyiko wa Kiswahili, Dholuo na Luhya kwa ajili ya kompyuta. Common Voice ya Mozilla iko na sauti za Kiswahili ambazo unaweza kupakua bure na kuanza kuchezea usiku wa leo.

Data Science Africa walianzia Nyeri, pale Dedan Kimathi, mwaka wa 2015. Deep Learning Indaba ilikuja Kenyatta University 2019, na ilikuwa Kigali 2025. Hao hufadhili baadhi ya wanafunzi kuhudhuria. Ukienda huko unapata kitu sivii haiwezi kukupa: maprofesa wanaokula lunch kwa meza yako. Barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu anayekujua ni tofauti kabisa na ile lekchara wako anaandikia watu mia mbili akibadilisha jina tu. Wakati mwingine hata jina anasahau kubadilisha, nimeiona na macho yangu.

Rumeti wa tatu sijamtaja. Huyo alipata sekondi lowa, hakuomba chuo chochote, akaenda kwao Kitui akafungua cyber. Tulimcheka kwa grupu. Sasa anachungia sacco ya bodaboda mfumo wao wa mikopo, alioandika mwenyewe, na juzi ameniuliza ka hiyo inahesabika ka kazi ya miaka miwili, ju anataka masta ya takwimu. Nimemwambia inahesabika, mradi sacco wamwandikie barua yenye muhuri na tarehe. Huyo ako na swali la utafiti tayari: ni nani hulipa loni mvua ikikosa kunyesha na ni nani hupotea. Naona atapita yule wa Industrial Area.

Wewe ka umeamua kuomba chochote kati ya hivi, ndani ama nje, kuna karatasi moja wote wataitisha na ndio huchelewesha watu hadi dedlaini inapita: transkripti. Usingoje upate skolashipu ndio uanze kuitafuta. Rejista ya chuo chako haitakupa ka uko na baransi, hata ka ni ya kitabu ulipoteza laibrari mwaka wa kwanza, kwa hivyo anza kwa kukliari hiyo. Itisha nakala zaidi ya moja, na uulize ka wanaweza kutuma moja kwa moja kwa chuo cha nje ndani ya bahasha iliyofungwa, ju vyuo vingine hukataa ile umebeba mwenyewe. Soma jina lako herufi kwa herufi kabla utoke kwa hiyo ofisi, lilingane na pasipoti. Na ufike mapema asubuhi, ju wakishaenda lunch, wameenda.